Ndoa haigeuzi viza

Mitaa ya Kisasa na Area D hapa Dodoma, ukimkuta mzee wa Kizungu aliyestaafu na kuoa Mgogo, utasikia: “Huyo keshakuwa mwenzetu, hana habari na Uhamiaji.” Ni maneno ya ukarimu, ila si sheria.

Cheti cha ndoa hakimbadilishii mtu hadhi. Aliyeingia na viza ya matembezi anabaki mgeni wa matembezi, na siku zake, kwa kawaida zisizozidi 90, zinaendelea kuhesabiwa hata kama harusi ilichinjiwa ng’ombe watatu. Kuishi kunahitaji ombi lingine kabisa. Mstaafu anayejitegemea kwa pensheni huangukia kibali cha ukaazi daraja C. A ni ya wawekezaji na wanaojiajiri, B ya walioajiriwa. Akitaka kufungua duka Majengo, basi daraja C halimtoshi, na jina la mke kwenye leseni halimpi yeye ruhusa ya kukaa kaunta.

Uraia ndio unaochanganya zaidi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia yake ya kuomba uraia. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anapita mlango wa tajinisi, yaani utaratibu wa kawaida wa mgeni kupewa uraia, kama mgeni mwingine yeyote. Haki iko wapi hapo? Mimi siioni, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Na akiupata, sheria inamtaka aukane uraia wa kwao, jambo ambalo wastaafu wengi hawalitaki.