Zile nukta za mwanga zilizojipanga angani sio makombora

Kila zikionekana zile nukta zimefuatana mstari juu ya Kigamboni, magrupu ya WhatsApp yanachafuka, huyu wa Mbagala anasema makombora, yule wa Tegeta anasema mwisho wa dunia, voisi noti zinamiminika na hakuna hata mmoja aliyetoka nje akaangalia vizuri. Tuwekane sawa jamani.

Makombora? Hapana. Ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizotoka kurushwa, zinaachiwa pamoja na roketi moja ndo maana bado zina foleni, baadae zinapanda mpaka kilomita kama 500 hivi na kutawanyika. Kundi la kwanza, setilaiti 60, lilirushwa Mei 2019.

Eti zina taa za kutumulika. Hazina. Huku chini giza limeshaingia ila kule juu jua bado linazipiga, kwahiyo unaziona baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, na ukizifuatilia kwa macho utaona zinazimika moja moja wakati anga ni jeupe halina wingu, hapo ndo zinaingia kwenye kivuli cha dunia.

"Anga ni kubwa bwana, zinamsumbua nani?" Hii ndo inaniuma. Darubini inakusanya mwanga hafifu wa nyota za mbali kidogo kidogo, sasa setilaiti ikikatiza inaacha mchirizi mweupe na kilichokuwa nyuma yake kimepotea. Ile ya Vera Rubin kule Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, inapiga picha eneo kubwa la anga kwa mkupuo mmoja kwahiyo michirizi haiikwepi. Hata darubini ya Hubble iliyoko huko huko juu inakutana nayo! SpaceX, wenye Starlink, walijaribu kupaka setilaiti moja rangi nyeusi mwaka 2020, wakaja na vizuia jua, mng'ao ukapungua ila haukuisha, na wenye darubini za redio, zile zinazonasa mawimbi ya redio kutoka angani badala ya mwanga, rangi haiwasaidii kitu maana shida yao ni mawimbi yanayovuja kutoka kwenye vifaa vya setilaiti.

Na hii ya "imefowadiwa sana, basi ni kweli". Ile mishale miwili inamaanisha ujumbe umepita mikono mingi tu, hakuna aliyeuhakiki, na tangu Aprili 2020 WhatsApp wanakuruhusu kuutuma chati moja tu kwa wakati mmoja ili kupunguza kasi ya uzushi. Ukiziona tena, kwenye grupu andika saa, zilikotokea na zilikoelekea, mwenye bando aingie tovuti ya Heavens-Above aweke Dar es Salaam aone ni zipi zilipita.