Miguu isiyotulia kwa anayesafishwa damu

Saa sita usiku nyumba nzima imelala, ila mgonjwa wa figo aliyesafishwa damu kwa mashine mchana bado anazunguka sebuleni. Akijilaza, miguu inaanza. Akiinuka akatembea, inapoa. Ukimuuliza anahisi nini, atakwambia ni kama sisimizi wanapita ndani ya mfupa.

Huu ndio ugonjwa wa miguu isiyotulia, na kwa wenye figo zilizofeli ni wa kawaida kuliko kwa watu wengine. Si kukaza kwa misuli, ambako huuma na msuli ukiushika ni mgumu kama jiwe. Si ganzi ya kisukari pia, maana ganzi haiondoki kwa kutembea. Basi muuguzi akiuliza hali, usijibu "salama" tu. Mweleze miguu inaanza saa ngapi, na ukiisogeza inakuwaje. Kukaa muda wa saa nne kwenye kiti cha mashine ni mateso kwa mtu huyu. Wapo wanaoomba kutolewa kabla ya muda, damu haijasafishika vizuri, nao huonekana wakaidi. Si ukaidi hata kidogo.

Tiba haianzi na kidonge, inaanza na kipimo cha chuma. Chuma kikipungua, hasa kwenye ubongo, kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, huvurugika. Feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, ikiwa chini ya nanogramu 200 kwa mililita, na chuma kilichobebwa kwenye damu hakifiki asilimia 20 ya kinachoweza kubebwa, mgonjwa hufikiriwa kupewa chuma kwa mshipa.

Kisha fungueni mfuko wa dawa. Mgonjwa wa figo huwashwa sana ngozi, kwa hiyo humeza Piriton, au Phenergan ili apate usingizi. Dawa hizo hizo zinaweza kuichochea miguu! Metoklopramidi ya kichefuchefu na amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva nazo zimo. Usiziache kimyakimya, mwombe daktari akutafutie mbadala.

Ikibidi dawa, mara nyingi huanzwa na gabapentini, dawa ya kutuliza neva. Hapa nasisitiza: dawa hii hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo dozi huwa ndogo, mara nyingi miligramu 100, tena baada ya kutoka kwenye mashine. Dozi ya jirani mwenye figo nzima inaweza kumlevya mgonjwa, kumchanganya akili na kumwangusha chooni usiku.

Pramipeksoli na ropiniroli, dawa zinazoiga dopamini, hutuliza upesi, lakini zikitumika muda mrefu dalili huweza kurudi kwa nguvu, zikaanza alasiri na kupanda hadi mikononi. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa 2025 haushauri zitumike kama kawaida.

Mazoezi husaidia, hata kukanyaga pedali ukiwa umeunganishwa na mashine, pale kituo kinapokuwa nazo. Na wengi wanaopandikizwa figo ikafanya kazi vizuri, miguu yao hutulia ndani ya wiki chache.