Kitabu cha ndege hakiuzwi kwa sifa

Mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili saa kumi na mbili imkute ndani ya mashua pale Dunga, kando ya Ziwa Victoria, darubini shingoni, hababaishwi na maneno "kitabu bora kabisa cha ndege". Kitabu anacho. Pengine anavyo viwili, na pembeni ameandika kwa penseli kila mahali mwandishi alipokosea. Tangazo la sifa analipita kama anavyompita shomoro.

Makala haya nawaandikia wachapishaji wadogo wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wenye kitabu kimoja au viwili vya watu waliopenda jambo fulani likawaingia damuni: ndege, uvuvi wa ndoano, maua, drafti. Nimechukua ndege kwa sababu kanda hii imejaliwa ndege, na kwa sababu wapenda ndege ni wakaguzi wakali kuliko wateja wengine ninaowajua. Ukiweza kuwauzia hawa, wacheza drafti hawatakushinda.

Ukurasa ndio tangazo

Chagua ukurasa mmoja wa kitabu unaoondoa utata ambao watu wa hapa wanaujua, kisha utoe bure. Kwa Kisumu nisingehangaika sana, ningechukua gonoleki. Kandokando ya ziwa wako wawili, wote weusi mgongoni na wekundu wa kung'aa kifuani, na anayeanza huwachanganya. Gonoleki kichwa-cheusi (Laniarius erythrogaster) anaishi vichakani na hata kwenye bustani za nyumba. Gonoleki wa mafunjo (Laniarius mufumbiri) habanduki kwenye mafunjo, ndiyo maana watu husafiri kutoka mbali kuja kumtafuta kwenye vinamasi vya Dunga na Yala.

Kadi yenyewe iwe ya ukubwa wa A6, picha mbili sambamba, ndege wote wakitazama upande mmoja, na mishale miwili tu. Mishale ikizidi hapo kadi inageuka mtihani. Maneno nayo yawe machache:

"Utosi wa dhahabu na mstari mweupe bawani: gonoleki wa mafunjo. Utosi mweusi, bawa jeusi tupu: kichwa-cheusi. Kifua usikitazame, wote ni wekundu."

Chini yake, kwa herufi ndogo: "Kutoka ukurasa wa 87. Ndege 210 wa ziwani, mafunjoni na msituni. Kurasa 192, A5, gramu 410. Shilingi 1,160." Halafu ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na namba ya kulipia. Basi.

Kila tarakimu hapo ina kazi. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, kwa hiyo anayetangaza "ndege wote wa Kenya" ndani ya kurasa 192 amejishtaki mwenyewe, tena mbele ya watu wanaojua kuhesabu. Sema ni ndege 210 na useme ni wa wapi. Uzito nao watu hudhani ni mzaha, lakini kitabu hiki kitabebwa pamoja na darubini, maji na mwavuli. Kuupata hakuhitaji mizani: kurasa 192 ni karatasi 96, karatasi moja ya A5 ni mita 0.148 kwa 0.210, zote pamoja ni takriban mita za mraba 2.98. Zidisha kwa gramu 130, uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi uliyoagiza, upate 388. Jalada la gramu 300 linaongeza karibu 20. Ukishuka hadi karatasi ya gramu 115 unaokoa karibu gramu 45, ila uangalie picha ya nyuma isichungulie upande wa mbele.

ISBN iwekwe hata kwenye kadi, kwa sababu karani wa duka la vitabu anaagiza kwa tarakimu hizo 13. Za Kenya zinaanza na 978-9966 au 978-9914 na hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa.

Nakuru inataka ukurasa mwingine. Pale utata unaojulikana ni wa flamingo: yule mdogo ana mdomo wa rangi nyekundu iliyokolea, ukiwa mbali unaona kama mweusi, yule mkubwa ni mrefu zaidi na mdomo wake ni wa waridi hafifu, ncha ndiyo nyeusi. Ukurasa huo unauza. Kinachoharibu ni picha ya ziwa zima limegeuka la waridi yenye maneno "njoo uone". Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, vijimea wanavyokula flamingo wadogo vikapungua, na makundi mengi huhamia Ziwa Bogoria. Msomaji akifika langoni na kitabu chako mkononi, akakuta maji na mwari, lawama atakutupia wewe. Ziwa hatalilaumu.

Mahali picha zinapokuangusha

Makosa ya tangazo la kitabu cha ndege mara nyingi yamo kwenye picha. La kwanza ni jina kukosewa: picha ya flamingo mkubwa, maandishi ya mdogo. Kosa hilo ndani ya kitabu linasameheka, maana ni moja kati ya mia mbili. Kwenye tangazo halisameheki. Mpe kadi mtu wa pili anayejua ndege aikague kabla ya kwenda kwa mpigachapa, na umpe picha bila majina aandike mwenyewe. Ukimpa yenye majina ataitikia tu.

La pili ni ruhusa. Mpigapicha aliyekukubalia picha ndani ya kitabu hajakukubalia kuiweka kwenye bango. Barua ya makubaliano itaje matumizi yote matatu kwa majina yake, yaani kurasa za ndani, jalada, na matangazo ya karatasi na ya simu, pamoja na muda. Mistari minne inatosha, ikitiwa sahihi kabla ya malipo. Wengi hukumbuka jambo hili bango likishaning'inia.

La tatu ni rangi. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi, na wekundu wa gonoleki ni miongoni mwa rangi zinazopauka zikibadilishwa kutoka rangi za skrini (RGB) kwenda rangi za wino (CMYK). Fanya mabadiliko hayo mwenyewe kwenye kompyuta uone kilichopotea, kisha uombe nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ileile utakayotumia. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi (dpi 300) kwa ukubwa wa mwisho, na acha milimita 3 za kukatwa kila upande, la sivyo mkia wa ndege utaishia kwenye pipa la taka la mpigachapa.

Kuna kosa la nne ambalo si la ufundi. Usitangaze kwa picha ya kiota chenye mahali pake kutajwa, wala usiunganishe tangazo na sauti ya ndege ya kuchezwa simuni. Watu wataicheza mafunjoni mchana kutwa, dume aache kulisha makinda akimtafuta mpinzani asiyekuwepo. Wanaoipenda kazi hii watakuweka kwenye orodha ya wachapishaji wasiojali ndege, na kutoka kwenye orodha hiyo ni kazi.

Hesabu ya njia

Hapa ndipo wachapishaji wengi wanapopotelea, kwa hiyo twende polepole. Shilingi 1,160 nimezichagua makusudi: tangu 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16, na bei hiyo inagawanyika vizuri, 1,000 zako na 160 za serikali. Tuseme kuchapa nakala moja kumekugharimu 380 na mwandishi anapata 100.

Ukiuza kupitia duka linalochukua asilimia 35 ya ile 1,000, linabaki na 350. Wewe unabaki na 650, toa 480, unapata 170. Ukimwachia mwongozaji wa mashua 150 kwa kila nakala, unabaki na 370. Ukiuza mwenyewe mkono kwa mkono, 520.

Sasa leta tangazo la shilingi 3,400. Likiwapeleka watu dukani, lazima liuze nakala 20 ndipo lirudishe gharama yake. Likiwaleta kwa mwongozaji, nakala 10. Likiwaleta kwako, 7. Tangazo ni lilelile, kadi ni ileile; kilichobadilika ni mlango ulioandikwa chini. Redio nimeiacha nje ya hesabu kwa sababu unalipia masikio ya kaunti nzima ili uwafikie watu wachache wenye darubini. Kitabu cha ufugaji wa kuku, hilo ni jambo jingine.

Kati ya milango hiyo mimi ningeanza na waongozaji. Mpe kila mmoja nakala moja iliyopigwa muhuri "SI YA KUUZWA" na mfuko usiopitisha maji, kwa sababu mashua ina maji sakafuni na kitabu kilichofura hakimvutii mtu. Yeye atakifungua mbele ya wageni kila asubuhi, ndege akiwa palepale mbele yao. Mgeni aliyeoneshwa ukurasa wa 87 huku gonoleki akiita mita kumi kutoka hapo hahitaji tena kubembelezwa. Gundi pia inafanyiwa mtihani hapo. Kitabu kinachofunguliwa hivyo kikiwa kimegandishwa kwa gundi tupu mgongoni huanza kutema karatasi, kwa hiyo agiza kurasa zishonwe kwanza. Kurasa 192 ni mafungu 12 ya kurasa 16, hakuna karatasi inayopotea.

Mabango yana wenyewe. Msitu wa Kakamega una mamlaka mbili: upande wa Buyangu uko chini ya Huduma ya Wanyamapori, upande wa Isecheno chini ya Huduma ya Misitu, na ruhusa ya mmoja haikufikishi kwa mwingine. Kwenye nguzo na kuta za mjini serikali ya kaunti hudai ada ya matangazo, na bango lisilolipiwa huondolewa. Kwa kitabu cha namna hii bango moja la A3 kwenye ofisi ya tiketi, kwa ruhusa ya maandishi, linatosha.

Kujua lipi limeuza

Ukiwa na paybill ya M-Pesa, fanya hivi: kila tangazo lipe neno lake la kuandika kwenye nafasi ya namba ya akaunti. Kadi za Dunga ziseme akaunti DG, za Kakamega KK, za Nakuru NK. Mwisho wa mwezi taarifa ya M-Pesa inakupangia mauzo yenyewe. Herufi mbili zatosha, na uepuke O, ambayo wengine wataiandika sufuri. Till, namba ya M-Pesa ya kulipia bidhaa dukani, haina nafasi hiyo ya akaunti. Ukiwa na till, chapa kadi za kila mahali kwa rangi tofauti na umpe mteja punguzo la 50 akirudisha kadi. Kumuuliza mnunuzi "umetusikia wapi?" ni kupoteza muda. Atakujibu "kwa simu".

Kwa simu kwenyewe, WhatsApp huibana picha hadi mshale wako uonekane kama ukungu. Tuma ukurasa kama faili, PDF isiyozidi MB 2. Orodha ya kutumia watu wengi kwa mpigo inachukua 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ukituma kwa 200 na kuona kimya, huenda waliopokea ni 30. Na yale majina na namba zilizoandikwa kwenye daftari la mahudhurio ya matembezi ya ndege si mali yako ya biashara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kwanza kabla ya kumtumia matangazo, na apewe njia ya kujitoa. Weka daftari la pili, lenye kichwa "Nitumieni habari za vitabu", anayetaka aandike.

Majira: Januari usitangaze, pesa ziko kwenye karo. Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huanza kuonekana kwa wingi Septemba na wengi huondoka kufikia Aprili, na Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya pili ya Oktoba. Kwa hiyo kadi ziwe mikononi mwa waongozaji kufikia mwisho wa Agosti, na tangazo la simu litoke mshahara wa Septemba ukishaingia. Mnunuzi wa Nakuru au Eldoret mtumie kwa ofisi ya vifurushi ya matatu, kitabu kikiwa kimefungwa kisilowe kabla ya bahasha, na nauli ya kifurushi itajwe kwenye tangazo kando ya bei. Gharama inayochomoza baada ya mtu kuamua kununua ndiyo inayomrudisha nyuma.

Barua ya kwanza utakayopokea haitakuwa ya pongezi. Itakuwa ya kusema kwamba ukurasa wa 41 umekosea rangi ya miguu. Mjibu siku hiyohiyo, uhakikishe, na kama amesema kweli chapa karatasi ya masahihisho ya ukubwa wa A7. A4 moja inatoa nane, kwa hiyo nakala 500 zilizobaki zinahitaji karatasi 63. Tangazo linalofuata libebe mstari mmoja chini ya bei: "Masahihisho ya uk. 41 yamo ndani." Wapenda ndege wakiuona mstari huo watataka kujua ulikosea nini, na wengine watafungua kitabu kwa sababu hiyo tu.