"Endelevu" si jina jingine la "kudumu"

Wiki hii nimelisikia tena neno "endelevu", safari hii katika uzinduzi wa kisima kirefu, ambapo msemaji alieleza kwamba huduma hiyo ya maji ni endelevu kwa kuwa pampu ni mpya, tangi ni kubwa na mabomba ni imara. Yote hayo ni mambo mema, ila hakuna hata moja linalohusu uendelevu.

Matumizi ya maji huwa endelevu pale ambapo kiasi kinachochotwa, kikipimwa kwa miaka mingi, hakizidi kiasi kinachorudi kwenye chanzo, na uchotaji wenyewe hauharibu ubora wa maji wala hauwanyimi wengine wanaokitegemea chanzo hicho.

Neno lenyewe linajieleza kwa asili yake. "Kwenda" limezaa "endea", "endea" likazaa "endelea", na mwishoni tukaweka kiambishi -vu, kilekile kinachotupatia "sikivu" kutoka "sikia" na "tulivu" kutoka "tulia". Msikivu ni mtu anayesikia, na mtulivu ni yule anayetulia. Basi chochote tunachokiita endelevu hatuna budi kukiuliza ni nini hasa kinachoendelea. "Kudumu", tulilolipata kutoka Kiarabu, halitudai swali hilo, kwa maana linataja tu kukaa bila kuondoka. Jiwe hudumu, lakini hakuna anayesema kwamba jiwe linaendelea. Pampu nayo yaweza kudumu miaka ishirini juu ya kisima ambacho maji yake yanashuka kila mwaka, na ndiyo sababu napata tabu kila ninaposikia "maji endelevu" au "pampu endelevu": kinachopaswa kuendelea ni uwezo wa chanzo kutoa maji, na pampu haiongezi uwezo huo hata kwa tone moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, penye visima vinavyolilisha jiji hilo maji ya ardhini. Kina cha maji huko kimepimwa tangu miaka ya 1950, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliochunguza kumbukumbu za miaka 55, ulionyesha kwamba chanzo hakijazwi kidogokidogo kila masika. Miaka mingi maji hushuka tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, nayo yakapanda kwa kiasi cha kufidia upungufu wa miaka kadhaa. Anayepima kwa miaka miwili tu, hata awe mwaminifu namna gani, anaweza kutangaza maafa au neema, na kote kuwili akakosea. Ukiniuliza kama maji yanaweza kusimamiwa kwa njia endelevu siku za usoni, nitajibu kwamba yanaweza, maadamu kuna mtu anayepima bila kukatiza na uchotaji unaokubali kufuata vipimo hivyo jiji likizidi kukua, na Dodoma inakua haraka.

Mto Ruaha Mkuu unatuonyesha upande wa pili. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na umwagiliaji wa mpunga huko juu, katika bonde la Usangu, hutajwa miongoni mwa sababu kuu. Mifereji ilidumu, na ilifanya kazi iliyochimbiwa; mto ndio uliokatika.

Yule msemaji angesema "huduma ya uhakika", angekuwa sahihi kabisa, na wanakijiji wangemwelewa vizuri zaidi. Neno "endelevu" angeliweka kando kwanza, hadi misimu kadhaa ya mvua ipite na awe na daftari la kina cha maji kisimani, mwezi kwa mwezi.