Presha inayopanda wakati wa tiba ya homoni ya saratani ya tezi dume: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Presha ya mzee imepandishwa na mawazo." Hayo ndiyo maelezo ambayo familia nyingi huanza nayo pale baba au babu anayetibiwa saratani ya tezi dume anapopimwa na kukutwa na 160 kwa 100, ilhali miaka yote alikuwa hana tatizo hilo. Hofu huweza kweli kupandisha kipimo kwa muda, lakini presha inayobaki juu wiki baada ya wiki ina chanzo kingine, na mara nyingi chanzo hicho kimo ndani ya tiba yenyewe.

Tangu 1941, pale Charles Huggins na Clarence Hodges walipoonyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, msingi wa tiba umekuwa kuzipunguza homoni hizo, ama kwa kuondoa korodani kwa upasuaji, ama kwa sindano kama goserelini, ama kwa vidonge. Wapo wanaodhani kwamba aliyefanyiwa upasuaji hahusiki na habari za presha kwa kuwa hamezi dawa. Anahusika. Testosteroni, homoni kuu ya kiume, ikishuka kwa njia yoyote ile, misuli hupungua, mafuta huongezeka tumboni, na sukari na lehemu hupanda, mambo ambayo kwa miezi na miaka huuelemea moyo na mishipa ya damu.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, inawahusu wanaotumia abirateroni, vidonge vya kupunguza homoni za kiume. Dawa hii hutolewa pamoja na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kawaida miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku. Mgonjwa akisikia kwamba prednisoloni hupandisha presha, jambo ambalo ni kweli kwa dozi kubwa, huamua kuiacha na kuendelea na abirateroni peke yake, akiamini amejiokoa, kumbe amefanya kinyume. Abirateroni huzuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza homoni za kiume, na kimeng'enya hichohicho huhitajika katika kutengeneza homoni ya kotisoli kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kotisoli ikipungua, ubongo huzihimiza tezi hizo zifanye kazi zaidi, nazo, kwa kuwa njia moja imezibwa, huzalisha kwa wingi homoni zinazoziamuru figo kushikilia chumvi na maji na kutupa potasiamu. Ndiyo maana presha hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea, na mapigo ya moyo huweza kwenda mrama. Prednisoloni hujaza pengo la kotisoli na kutuliza amri ile ya ubongo. Kuiacha bila daktari ni kuifungulia presha mlango.

Kosa la pili kwa dawa hiyohiyo ni kuimeza pamoja na chakula ili isichome tumbo. Mlo wenye mafuta mengi, kwa mfano samaki wa nazi, huweza kuongeza hadi mara 10 kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, na madhara yake nayo yakaongezeka. Vidonge hivyo humezwa angalau saa 2 baada ya kula, na chakula kinachofuata husubiri angalau saa 1.

"Sisikii kichwa kuuma, basi sina presha." Presha ya juu kwa kawaida haina dalili, na mashine peke yake ndiyo inayoijua. Mgonjwa wa Liwale au Newala anayetibiwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hana haja ya kusubiri tarehe ya kurudi huko ndipo apimwe. Zahanati ya karibu inatosha, akiwa amekaa na kupumzika dakika 5, na majibu yake yaandikwe ili daktari ayaone. Kipimo cha potasiamu ndicho kinachohitaji maabara ya hospitali.

Wengine hushauriwa kunywa madafu kwa wingi "kurudisha potasiamu". Madafu yana potasiamu kweli, lakini saratani ya tezi dume huweza kuziba njia ya mkojo na kuharibu figo, na figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa potasiamu ikizidi. Hatari yake kwa moyo si ndogo kuliko ya upungufu. Apimwe kwanza. Ushauri usio na shaka ni kupunguza chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku, na hapa ng'onda (samaki wakavu wa chumvi) na korosho za chumvi lazima zihesabiwe.

Imezoeleka pia kufikiri kwamba dawa ya presha ni dawa ya presha, mtu yeyote anaweza kuazima ya jirani. Spironolaktoni, ambayo kwa wengine ni dawa nzuri, huepukwa kwa anayetumia abirateroni kwa sababu huweza kuchochea seli za saratani. Enzalutamidi, dawa nyingine ya homoni ya saratani hii, nayo hupandisha presha, ingawa haihitaji kuandamana na prednisoloni, na juu ya hayo huharakisha ini kuvunja dawa za presha kama amlodipini na nifedipini, hivyo dozi iliyokuwa ikitosha ikaacha kutosha. Kwa hiyo mgonjwa anayekwenda kutibiwa presha, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, abebe dawa zake zote za saratani na kuzionyesha. Presha ikipatikana, mara nyingi hutibiwa huku tiba ya saratani ikiendelea. Uamuzi wa kuisimamisha au kupunguza dozi ni wa daktari. Lakini kipimo kikifika 180 kwa 120, kukiwa na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kuchanganyikiwa, uoni kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.