Pumzi Hurudi Kabla ya Miguu: Dhana Potofu za Sisi Tunaoanza Mbio Ukubwani

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 47, mwaka ambao ofisi yetu ilihamia Dodoma, nilipogundua kwamba nikipanda ngazi za ghorofa tatu nahema kama niliyekimbizwa na nyuki. Wiki ya kwanza nilikimbia nguzo mbili za umeme, nikatembea nguzo tatu. Wiki ya sita pumzi ilikuwa imekaa sawa, nikajiona kijana, nikaanza kwenda kupanda vile vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma. Wiki ya nane kisigino kikagoma. Nilichechemea miezi minne.

Kosa langu lilikuwa dogo na la kawaida kabisa. Mwili hauzoei mbio wote kwa pamoja. Damu huanza kuongezeka maji ndani ya siku chache tu za mazoezi, moyo ukasukuma damu zaidi kwa kila pigo, na baada ya wiki kadhaa mtu unaona kilima kimekuwa tambarare. Lakini kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, hasa ile nene ya nyuma ya kisigino, hupata damu kidogo, na huhitaji miezi ili kukomaa. Kwa kijana wa miaka 20 pengo hilo ni dogo. Kwetu sisi ni kubwa, na ndani ya pengo hilo ndimo tunamoumia. Maneno mengi ninayoyasikia alfajiri tukijinyoosha pale bustani ya Chinangali yanatokana na kutolijua jambo hili moja.

“Mbio ndefu ni za vijana”

Hapa kwetu Kanda ya Kati tuna ushahidi mzuri wa kuanzia. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma mwaka 1957, aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 alikuwa na miaka 32. Alphonce Simbu wa Singida alikuwa na miaka 33 alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa kumalizia iamue. Utasema 33 bado ni kijana. Sawa. Carlos Lopes wa Ureno alichukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mwaka 1984 akiwa na 37. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa na 41 alipokuwa wa pili kwenye marathoni ya London mwaka 2024 kwa saa 2:04:15. Na mzee Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Wengi wetu wa miaka 45 hatutauona muda huo hata ndotoni.

Hao ni watu wa aina yao, nakubali. Ila kanuni iliyo nyuma yao inatuhusu. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya 30 kwa mtu anayekaa tu. Anayeendelea na mazoezi makali hupoteza karibu nusu ya hiyo. Kinachobadilika hasa ni muda wa kupona. Kijana wa ofisini kwetu hukimbia mbio za kasi Jumanne na tena Alhamisi. Mimi nikikimbia kasi Jumanne, miguu inaniambia “bado” mpaka Ijumaa, nami siku hizi naisikiliza.

“Kukimbia kunamaliza magoti”

Hii ndiyo mama yao. Hakuna harusi wala msiba ambao sijaambiwa na shangazi fulani kwamba nitakuja kutembelea mkongojo.

Gegedu la goti, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, si soli ya kiatu inayolika kwa kila hatua. Ni kitu hai, na hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi za awali kuhusu ugonjwa wa kulika kwa magoti na nyonga. Kwa wanaokimbia kwa kujifurahisha, wenye ugonjwa walikuwa asilimia 3.5. Kwa wasiokimbia kabisa, asilimia 10.2. Kwa wakimbiaji wa mashindano ya juu, asilimia 13.3. Kwa hiyo shangazi ana chembe ya ukweli, ila kauelekeza kwa mtu asiyehusika. Hesabu hizo pekee hazithibitishi kwamba mbio ndizo zilizowakinga, maana mwenye goti bovu huenda aliacha kukimbia zamani, lakini kiti cha ofisi hakikuonekana kumlinda mtu. Aliyewahi kuumia goti vibaya, au mwenye uzito mkubwa sana, aanze kwa kutembea haraka na aonane na daktari. Hilo ni jambo jingine.

Halafu kuna binamu wa dhana hii: kwamba “ute wa magoti umekwisha” na dawa yake ni bamia, au kwa wenyeji wa huku, mlenda. Nampenda aliyebuni hili, maana mantiki yake inaonekana kwa macho: kinachovutika kwenye bakuli kitavutika na gotini. Bahati mbaya tumbo halina bomba la kwenda kwenye goti. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando ulioko ndani ya kiungo chenyewe, na utelezi wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazofanya kazi yake tumboni na kuishia huko. Mimi mlenda naula kwa ugali wa uwele kwa sababu ni mtamu, na hiyo sababu inatosha.

Goti linasaidiwa na misuli inayolizunguka. Baada ya miaka 30 hivi misuli huanza kupungua isipotumikishwa, na mbio peke yake hazizuii hilo vya kutosha. Kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba dumu la maji, kupanda na kushuka ngazi moja polepole, kusimama kwa mguu mmoja ukainua kisigino mpaka shavu la mguu liwake moto: mara mbili kwa wiki, dakika 20. Hilo la mwisho ndilo lililoniponya. Kwa akina mama waliokoma hedhi ni muhimu zaidi, maana mifupa hupungua uimara kwa kasi miaka hiyo, na mfupa huimarika kwa kubebeshwa mzigo. Wanaowaambia “mama, umri huo tembea tu” wanawanyima dawa.

“Usipohema, hujafanya mazoezi”

Waliosoma shule za msingi za nchi hii wanakumbuka mchakamchaka. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inakwenda. Bila kujua tulikuwa na kipimo bora kuliko saa nyingi za mkononi: ukishindwa kuitikia, umezidisha. Sehemu kubwa ya mbio zako, kama nne kati ya tano, ziwe za mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Mabingwa wenyewe hujifunza hivyo. Mwendo huo unaonekana wa kizembe, na vijana watakupita wakikupa pole. Pokea pole yao.

Kuhusu saa: ile hesabu ya mapigo ya juu ya moyo kwa dakika, 220 toa umri wako, ni wastani tu. Mapigo ya juu ya watu wawili wenye miaka 50 yanaweza kupishana kwa zaidi ya 20. Usikate tamaa wala kujisifu kwa namba hiyo.

“Ongeza asilimia kumi kila wiki, hutaumia”

Ushauri huu una sura ya sayansi. Watafiti wa Uholanzi waliupima kwa wanaoanza kukimbia: kundi moja lilifuata kanuni ya asilimia kumi, jingine likaongeza kwa kasi zaidi kwa wiki chache. Katika kila kundi, karibu mmoja kati ya watano aliumia. Kanuni haikuleta tofauti. Mimi naongeza wiki tatu, ya nne napunguza, na nikiamka asubuhi hatua ya kwanza kutoka kitandani ikauma kisiginoni, siku hiyo natembea.

“Dodoma ni juu na ni pakavu, tukishuka Dar tutaruka”

Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko unaobadilisha damu ibebe oksijeni zaidi kwa kiasi cha maana huanzia karibu mita 2,000 na kwenda juu; Iten, wanakojifua Wakenya, ni kama 2,400. Cha kwetu hakitoshi kujivunia.

Ukavu nao ni rafiki mnafiki. Jasho la Dodoma hukauka kabla hujaliona, na kukauka huko ndiko kunakoupoza mwili. Ndiyo maana mtu anakimbia saa moja na nusu, fulana ikiwa kavu, akadhani hakupoteza maji, kumbe shingoni ana chumvi kama ya kuchomea nyama. Ukishuka Dar hewa imejaa mvuke, jasho linadondoka tu bila kukauka, mwili unabaki na joto lake, na yule simba wa Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, anatembea kilomita ya 15. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14. Anayetaka kukimbia vizuri pwani atangulie, au akubali kwenda polepole.

Na tafadhali, mambo ya kukimbia na jaketi la nailoni saa nne asubuhi “ili mafuta yayeyuke” yaachwe. Mafuta ya mwilini si samli. Kinachopungua ni maji, na kitarudi na chupa ya kwanza utakayokunywa. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la hapa si la mzaha. Toka saa 11 alfajiri, saa mbili uwe umeshaoga.

Lakini pia usinywe maji kana kwamba unajaza tangi. Tunaambiwa “kunywa mengi uwezavyo” kana kwamba maji hayana madhara. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu kwenye damu, na dalili iliyowatambulisha zaidi ni kwamba waliongezeka uzito njiani: walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Hali hiyo ikizidi huua. Walio hatarini zaidi ni wanaokwenda polepole, yaani sisi, tunaofika kila meza ya maji tukiwa na muda wa kutosha. Kunywa ukisikia kiu. Ukitaka uhakika, jipime kwenye mizani kabla na baada ya mbio ndefu. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja.

“Meza diklofenaki moja kabla, usisikie maumivu”

Usimeze. Dawa za maumivu za kundi hilo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwenye mbio ndefu za joto figo tayari zina shida ya maji. Kwa mwenye shinikizo la damu ni mbaya zaidi, na wengi wa umri wetu tunalo bila kujua. Wakati kisigino changu kinauma niliuziwa vidonge hivyo dukani bila swali hata moja, nikakimbia juu ya maumivu wiki mbili zaidi. Maumivu yalikuwa yananiambia kitu. Nilichofanya ni kuyaziba mdomo.

“Mtu mzima akikimbia moyo utapasuka”

Marekani walihesabu watu karibu milioni 10.9 walioshiriki marathoni na nusu marathoni kati ya mwaka 2000 na 2010. Mioyo iliyosimama ilikuwa 59. Ni nadra, ila wengi wao walikuwa wanaume, na chanzo mara nyingi kilikuwa ugonjwa uliokuwepo kabla ya mbio. Kwa hiyo pima shinikizo na sukari kabla ya kujiandikisha, si baada ya kukabidhiwa fulana. Aliyewahi kubanwa kifua au kuzimia akifanya kazi nzito, au ambaye ndugu yake alifariki ghafla akiwa bado kijana, amwone daktari kwanza. Na ukiwa na homa, lala. Habari ya “kuitoa homa kwa jasho” inaweza kuufikisha moyo pabaya.

“Nimekimbia marathon ya kilomita tano”

Marathoni ni kilomita 42.195, hapa na kokote. Ulichokimbia ni kilomita tano, hongera sana, na kwa mwaka wa kwanza ni umbali mzuri kuliko ile 21 uliyojiandikisha kwa sababu bosi alijiandikisha.

Anayelenga 42 naye huamini kwamba ni lazima aikimbie yote mazoezini ili awe na uhakika. Wanaojua huishia kilomita 30 au 32 kwenye mbio yao ndefu zaidi, kisha wiki mbili au tatu za mwisho hupunguza, hata kama miguu inawasha kwa hamu. Mwenzangu mmoja wa idara jirani, miaka 52, alikuwa akijiandaa kwa NBC Dodoma Marathon ya Julai. Jumapili moja kabla ya siku yenyewe alikimbia 30 peke yake barabara ya Iringa, upepo wa kiangazi ukimpiga usoni, “kujipima tu.” Alijipima barabara. Wiki iliyofuata nilimpita pembeni ya njia, kajifunga kikoi, kikombe cha kahawa mkononi, mguu mmoja kauegemeza kwenye tofali, akinipigia kelele niongeze mwendo.