Kabla Hujaongeza Hazina Nyingine kwenye Debian: Jinsi Vifurushi Vinavyojengwa na Kuhakikiwa

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, shule na ofisi zinazohamia Debian, mfumo endeshi huria, zimeongezeka, na hatua hiyo tunaiunga mkono. Linalotusumbua ni malalamiko yanayofuata baadaye: “apt imegoma” (apt ndiyo zana ya kusakinisha programu), “mfumo umeharibika wenyewe”. Mfumo hauharibiki wenyewe. Mara nyingi mtu ameongeza hazina, yaani ghala la programu la mtandaoni, isiyo ya toleo lake, kwa nia njema, apate programu mpya zaidi. Ili kuelewa madhara yake, ni lazima ujue kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, kinatoka wapi.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, hauandiki sehemu kubwa ya programu unazosambaza. Kerneli, kiini cha mfumo, ina waandishi wake, LibreOffice ina wake, GNOME vilevile. Debian huchukua msimbo chanzo wao (maandishi ya programu), huukagua, huujenga upya na kuhakikisha programu zote zinakaa pamoja bila kugombana. Toleo la 13, liitwalo trixie, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000.

Mtunzaji wa kifurushi huongeza juu ya msimbo huo folda iitwayo debian. Ndani yake, faili la control hutaja kifurushi kinategemea vingine vipi, rules huwa na maelekezo ya kujenga, changelog hurekodi kila badiliko, na copyright huorodhesha leseni ya kila sehemu. Kwenye copyright ndiko wengi hukwama. Kifurushi kipya hukaa kwenye foleni iitwayo NEW hadi wasimamizi wa hazina wapitie leseni zake, na faili moja tu lisiloruhusu kubadilishwa linatosha kukizuia kisiingie sehemu kuu ya hazina. Wanaodhani programu huria ni mali isiyo na mwenyewe wazingatie hilo.

Baada ya hapo mtunzaji hujenga kwa dpkg-buildpackage, hukagua kwa lintian, hutia saini kwa ufunguo wake, kisha hupakia. Seva za Debian hujenga kwa kila aina ya kichakato, katika mazingira safi yenye vile tu vilivyotajwa kwenye control pamoja na zana za msingi. Aliyesahau kutaja kitegemezi kimoja ataona kazi inakwenda vizuri kwenye kompyuta yake, halafu inakwama kwenye seva. Zao lake ni faili la .deb. Ukiendesha amri ya ar t juu yake utaona vitu vitatu: debian-binary, control.tar.xz na data.tar.xz. Cha mwisho ndicho chenye mafaili yatakayowekwa kwenye diski yako.

Kifurushi huanzia sid, tawi la Debian la programu mpya zisizoiva bado. Kwa kawaida hukaa huko siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake, kisha huingia testing, tawi la majaribio, iwapo hakijaleta hitilafu kubwa mpya wala kuvunja vingine. Baadaye testing hufungwa kwa mabadiliko makubwa, husafishwa, na kutolewa kama stable, yaani toleo thabiti. Kusubiri huko kuna faida yake. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika sid na testing. Stable hayakuifikia.

Tunaulizwa kila mara kama programu yenye namba ya zamani ni hatari. Swali hili limeshajibiwa mara nyingi. Kwa kawaida stable huchukua rekebisho la usalama peke yake na kuliingiza kwenye toleo lilelile. Alama kama +deb13u1 mwishoni mwa namba ndiyo inayoonyesha hivyo.

Uhakiki wenyewe hufanyika kwa mnyororo. Faili la InRelease lina saini ya Debian na alama za SHA256 (namba zinazobadilika faili likiguswa) za orodha za vifurushi ziitwazo Packages. Orodha hizo zina alama ya kila .deb. Apt hulinganisha zote kabla ya kusakinisha. Kwa kawaida .deb yenyewe haina saini ndani yake, kwa hiyo uliyoipakua mahali pengine na kuisakinisha kwa dpkg -i haijahakikiwa na mtu. Kuandika trusted=yes kwenye orodha ya hazina ni kuuondoa ulinzi huo kwa mkono wako. Tafadhali usifanye.

Sasa tazama kinachotokea ukiongeza mstari wa sid kwenye stable ili upate programu moja. Programu hiyo inaweza kudai libc6 (maktaba ya msingi ya mfumo) mpya, apt nayo ikaileta, na karibu kila kitu kwenye mfumo kinategemea libc6. Kurudisha vifurushi nyuma ni jambo lisilohudumiwa na Debian. Hazina za Ubuntu zina tatizo hilohilo, kwa kuwa zimejengwa juu ya maktaba nyingine. Njia sahihi ni hazina ya trixie-backports, ambayo vifurushi vyake hujengwa upya kwa ajili ya stable: apt install -t trixie-backports, kisha jina la kifurushi. Ikiwa libc6 imeshabadilishwa, nakili /home kwenye diski ya nje na usakinishe upya.

Taasisi inayotaka ISO (faili la kusakinishia mfumo) yake yenyewe itumie live-build: lb config --distribution trixie, majina ya vifurushi kwenye config/package-lists/shule.list.chroot, halafu sudo lb build. Kwa matumizi ya ndani ya taasisi, GPL, leseni ya programu nyingi huria, haidai uwape watu wa nje msimbo chanzo. Ukiuza flashi au kompyuta yenye ISO hiyo, wajibu unaanza. Chini ya GPL toleo la 2, ambayo ndiyo leseni ya kerneli, utoe msimbo chanzo pamoja nayo, au ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka 3, kwa gharama isiyozidi ya kunakili na kufikisha. Muuzaji kusema “msimbo upo kwenye tovuti ya Debian” hakumtoi kwenye wajibu huo. Anayekiuka hupoteza haki zake papo hapo, na kuendelea kusambaza ni kuvunja hakimiliki, kwa adhabu za sheria ya nchi husika. Toleo la 3 humrudishia haki mkosaji wa mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu apewe taarifa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Unapoomba msaada, ambatisha matokeo ya apt policy, faili la /etc/apt/sources.list na kila kilichomo kwenye /etc/apt/sources.list.d. Picha ya skrini yenye mstari mmoja wa kosa haitoshi, na ombi la namna hiyo litarudishwa.